Kasi ina jirani: viwanja vya ndege na barabara za juu za Osaka

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wa watu wa Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi Osaka, Kobe na Kyoto. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu kazini na wote ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wetu, dada zangu na kaka zangu, wanafunzi mliofika mwaka huu, na ninyi marafiki Wajapani mnaosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Osaka: hamjambo? Nawashukuru walioandaa shughuli hii, na hasa akina mama walioamka alfajiri kupika.

Nimeombwa niwaeleze wageni jinsi mji huu unavyosafiri. Ratiba za mabasi na bei za tiketi mtaelezana wenyewe wakati wa chakula. Mimi nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka likae: kasi ina jirani. Ndege inayowahi huwahi juu ya paa la mtu. Gari linalokwepa foleni kwa kupanda barabara ya juu hupita mbele ya dirisha la mtu. Mtu huyo ni nani? Aliulizwa lini? Na alipopaza sauti, nani alimsikiliza? Osaka imekuwa ikijibu maswali hayo kwa miaka zaidi ya 50, na si kila jibu limetoka kwa wakati.

Tuanze na Itami.

Wengi wenu mmetua Kansai, kwenye kisiwa, mkitokea Dubai au kwingineko. Lakini uwanja ambao watu wa Osaka waliuzoea kwa vizazi uko nchi kavu, kaskazini ya mji, na umekalia ardhi ya miji mitatu: Toyonaka, Ikeda na Itami. Ulifunguliwa mwaka 1939. Baada ya vita jeshi la Marekani likaushika, likaurudisha mwaka 1958, na mwaka uliofuata ukawa uwanja wa kimataifa. Mpaka hapo majirani walikuwa wakiishi na ndege za pangaboi. Mwaka 1964 zikaja jeti. Mwaka 1970, Osaka ilipokuwa mwenyeji wa Maonyesho ya Dunia, ikafunguliwa njia ya pili ya kurukia ndege, yenye urefu wa mita 3,000, ili jeti kubwa zaidi zije, na zije kwa wingi.

Sasa jiwekeni mahali pa mkazi wa Kawanishi, mji ulio upande ambako ndege hupaa. Mtoto amelala, ndege inapita, mtoto anaamka. Unazungumza na mgonjwa wako, inabidi unyamaze mpaka ipite, uanze upya, na kabla hujamaliza sentensi nyingine inakuja. Mwalimu anakatiza somo. Jioni unawasha televisheni, husikii. Na hilo si la siku moja; ni maisha. Wahenga wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyekuwa ndani ya ndege, akinywa chai yake na kutazama mawingu, angejuaje?

Desemba 1969 wakazi wa Kawanishi walikwenda mahakamani kuishtaki serikali ya Japani. Walidai fidia, na walidai usiku wa kulala: ndege zisiruke wala kutua kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Ndugu zangu, kumbukeni ulikuwa wakati gani. Nchi ilikuwa inakimbia kwa uchumi, viwanda vinafanya kazi usiku na mchana, na kila gazeti linasifu maendeleo. Halafu watu wa mtaa mmoja wanasimama na kusema: maendeleo haya yanapita juu ya vichwa vyetu, na sisi tumechoka.

Mwaka 1974 mahakama ya Osaka iliwapa sehemu ya walichodai. Novemba 1975 Mahakama ya Rufaa ya Osaka ikawapa walichokitaka hasa: saa 3 usiku, basi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 16 Desemba 1981 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu yake. Fidia kwa madhara yaliyokwisha kutokea, ndiyo. Kuzuia ndege kwa njia ya kesi ya madai, hapana, kwa sababu uendeshaji wa uwanja wa taifa umo katika mamlaka ya serikali. Mimi si mwanasheria, lakini nasema wazi mbele yenu kwamba hukumu ile iliwakosea watu wa Kawanishi. Utamlipaje mtu usingizi wa jana huku unamwambia usingizi wa kesho haumhusu?

Hata hivyo sikilizeni kilichotokea. Walishindwa kwenye karatasi, lakini saa 3 ikabaki. Mpaka leo uwanja wa Itami hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku. Ndege ikichelewa kutoka Tokyo na ikaona haitawahi saa hiyo, huweza kupelekwa kutua Kansai, ng'ambo ya ghuba. Abiria hukasirika. Nami nawaelewa, maana kila mtu anataka kufika kwake. Lakini saa ile ya kufunga si ukorofi wa mtu ofisini. Kuna watu waliopanda na kushuka ngazi za mahakama miaka 12 kwa ajili yake, na baadhi yao walikufa kabla hukumu haijasomwa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1973 mji wa Itami wenyewe ulitangaza rasmi kwamba unataka uwanja uondolewe. Mwaka 2007 mji huohuo ukatangaza kwamba utaishi pamoja na uwanja. Je, watu walisahau kelele? Hapana. Katikati ya miaka hiyo serikali ilinunua nyumba zilizokuwa karibu mno, ikalipia madirisha mazito na viyoyozi ili watu waweze kufunga vyumba vyao wakati wa joto. Ndege nazo zikapungua kelele, na tangu mwaka 2006 ndege za injini tatu na nne zikazuiwa Itami. Wale majirani walisikilizwa, kwa kuchelewa na kwa shida, lakini walisikilizwa. Ndipo wakakaa mezani wakakubaliana. Mwaka 1990, kabla uwanja mpya wa baharini haujafunguliwa, pande zote zilikuwa zimekubaliana kwamba Itami usifungwe, ubaki na safari za ndani.

Nendeni siku moja kwenye tuta la mto Senri, kule Toyonaka, mahali njia kubwa ya kurukia inapoanzia. Jioni huwa kuna watu wengi: wazee na kamera zao, vijana wawiliwawili, baba amembeba mwanawe mabegani. Unaona taa za ndege mbali, zinakuja bila sauti. Halafu ghafla imefika. Inapita juu yako chini kiasi kwamba unaona mistari ya matairi na mabaka ya mafuta kwenye tumbo lake, upepo unayalaza majani, na harufu ya mafuta ya taa inashuka ikakutua usoni. Watoto wanashangilia. Na mimi hushangilia, siwafichi. Lakini sisi tunashangilia kwa sababu tutakwenda kulala mahali pengine. Geukeni nyuma muangalie zile nyumba. Kuna taa zinawaka jikoni.

Sasa tupande barabarani.

Osaka ni mji wa mito na mifereji. Zamani bidhaa zote, mchele, mbao, chumvi, zilisafirishwa kwa mashua. Magari yalipoanza kujaa baada ya vita, mji ukabanwa. Mwaka 1962 likaundwa shirika la barabara za juu za kulipia, Hanshin Expressway, na Juni 1964 kikafunguliwa kipande cha kwanza, kilomita 2 na ushei, kutoka Tosabori hadi Minatomachi. Barabara ilipita wapi? Ilifuata mfereji wa Nishi-Yokobori, ambao ulifukiwa. Upande wa mashariki mfereji wa Higashi-Yokobori haukufukiwa. Maji yanatiririka mpaka leo, na nguzo za barabara zimesimama humohumo majini. Ardhi ya mjini ilikuwa ghali na ina wenyewe. Mfereji haudai fidia. Kwa hiyo jirani wa kwanza kuondolewa alikuwa maji, na pamoja nayo jua la watu waliokuwa wakiishi ukingoni.

Kwa mliopata leseni za Japani, neno dogo: barabara ya mduara ya katikati ya mji huenda upande mmoja tu, kwa mwelekeo wa saa, njia zote. Ukipitwa na mlango wako wa kutokea, tulia, zunguka tena. Usikate mbele ya watu.

Nataka niwaonyeshe pia jirani ambaye aliwahi kusema hapana, na akasikilizwa kabla ya ujenzi. Wilaya ya Fukushima ya hapahapa Osaka, karibu na Umeda, katikati ya mji, kuna jengo la ghorofa 16 liitwalo Gate Tower. Barabara ya juu inapita ndani yake. Ndiyo, ndani. Njia ya kutokea Umeda, ya ile barabara namba 11 inayokwenda mpaka Itami, inaingia kwenye ukuta wa jengo na kutokea upande wa pili, ikichukua ghorofa ya 5, ya 6 na ya 7. Ukipanda lifti, hizo ghorofa tatu huzikuti. Pale chini kwenye orodha ya wapangaji, kampuni ya barabara imeandikwa kama mpangaji.

Ilikuwaje? Eneo lile lilikuwa la familia iliyofanya biashara ya kuni na mkaa tangu enzi ya Meiji. Biashara ile ilipodorora walitaka kujenga upya kwenye ardhi yao, lakini wenye barabara walikuwa wamekwisha kupanga kupita hapohapo. Familia ikakataa kuondoka. Mazungumzo yakachukua miaka kama mitano. Sheria ilikuwa hairuhusu barabara na jengo la mtu kutumia anga moja. Mwaka 1989 sheria ikabadilishwa. Mwaka 1992 jengo likakamilika, na barabara ikapita bila kuligusa: ina nguzo zake yenyewe, na imefunikwa kuzuia kelele na mtikisiko. Watalii hupiga picha na kucheka. Mimi nikipita pale naona heshima. Mwenye kibanda cha mkaa alikaa meza moja na dola, na dola ikabadilisha sheria yake.

Lakini je, mwenye nyumba ndogo ya kupanga kando ya barabara, asiye na ardhi ya kukatalia, alifanyiwa hivyo?

Twende magharibi, kutoka Osaka kuelekea Kobe. Kuna barabara kuu namba 43, na juu yake, katika sehemu ndefu ya njia hiyo, ikajengwa barabara namba 3 ya Hanshin. Barabara mbili, moja juu ya nyingine, zimepita katikati ya makazi ya Nishinomiya, Ashiya na Kobe. Malori usiku kucha. Moshi chini, mngurumo juu. Mwaka 1976 wakazi wakafungua kesi. Wakadai kama walivyodai wenzao wa Kawanishi: tulipeni, na tupunguzieni.

Kesi ikiwa bado inaendelea, ikafika tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri.

Wako humu ndani wazee waliokuwapo Kobe siku ile, nami mbele yao nasema kwa unyenyekevu. Ardhi ilitikisika kwa sekunde chache tu. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Na pale Fukae, wilaya ya Higashinada, barabara namba 3 ikalala ubavu, mita 635 za barabara, pamoja na nguzo zake, ikaangukia upande mmoja. Mmeiona ile picha. Dunia nzima iliiona. Mbele kidogo, Nishinomiya, kipande cha barabara kilidondoka, na basi lililokuwa likirudi kutoka safari ya kuteleza kwenye theluji likafunga breki na kusimama huku magurudumu ya mbele yakining'inia hewani. Waliokuwamo walitoka salama. Ingekuwa saa 2 asubuhi, wakati barabara imejaa, leo tungekuwa tunahesabu vingine.

Kwa nini ilianguka? Wahandisi walichunguza, na majibu yao hayakuficha kitu. Nguzo zile zilisanifiwa kwa viwango vya miaka ya 1960. Nyingi zilikuwa nguzo moja moja, zimebeba mzigo mzito juu. Baadhi ya nondo zilikomea katikati ya nguzo badala ya kupanda mpaka juu, na ringi za kuzifunga zilikuwa chache. Zege likapasuka palepale. Viwango vilikuwa vimekwisha kubadilishwa kwa madaraja mapya, lakini nguzo za zamani zilikuwa nyingi, na kazi ya kuziimarisha ilikuwa mbali kumalizika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ule ukuta ulijengwa: barabara yote ikafunguliwa tena tarehe 30 Septemba 1996, na nguzo za barabara hizi zikavikwa mabamba ya chuma. Nguzo nyingi nene mnazoziona mjini, zenye chuma kilichopakwa rangi, zilikuwa za zege tupu. Lile ni vazi la baada ya 1995.

Halafu tarehe 7 Julai mwaka huohuo wa 1995, vumbi la tetemeko halijatulia, Mahakama ya Juu ikasoma hukumu ya kesi ya barabara namba 43. Wakazi wakapewa fidia. Sasa hebu fikirini. Watu hao walikuwa wamelalamika tangu 1976 kwamba barabara ile inawadhuru. Ilikuwa imeanguka kabla hawajapata jibu la mwisho.

Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika. Barabara ya chini ikapunguzwa njia, pakapandwa miti, pakawekwa kuta za kuzuia kelele. Na tangu mwaka 2001 malori yakipita ile barabara ya kando ya bahari, namba 5, hulipa pungufu, ili yahame kutoka mitaa ya watu. Naupenda sana mpango huu. Dereva wa lori hakemewi wala hatishwi. Anapewa sababu ya mfukoni ya kupita mbali na mtoto aliyelala. Ni jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo kabisa, siku ya kwanza barabara ya baharini ilipofika.

Sasa kisiwa.

Kansai ni mtoto wa kesi ya Itami. Mji uliposhindwa kuongeza ndege juu ya watu, ukaamua kuzipeleka mahali pasipo na watu. Kazi ikaanza mwaka 1987, kilomita 5 kutoka pwani ya Senshu, kwenye maji yenye kina cha mita 18 hivi. Vilima vya bara vikachongwa, kifusi kikapakiwa kwenye majahazi ya chuma na kumwagwa baharini mpaka kikatokea juu ya maji. Chini yake kulikuwa na tope laini, na chini ya tope tabaka nyingine za udongo laini kwenda chini sana. Wajenzi walizamisha nguzo za mchanga kama milioni moja katika lile tope la juu ili maji yapate njia ya kutokea na udongo ukaze. Tarehe 4 Septemba 1994 uwanja ukafunguliwa, wa kupokea ndege saa 24. Jengo lake la abiria, lililosanifiwa na Mwitaliano Renzo Piano, lina urefu wa kilomita 1.7. Miezi minne baadaye likaja lile tetemeko. Uwanja ulikuwa chini ya kilomita 30 kutoka kitovu chake. Ukasimama.

Lakini bahari nayo ni jirani, na haikupelekwa mahakamani, inajitetea yenyewe. Kisiwa kinazama. Wajenzi walijua kitazama. Kilizama zaidi ya walivyokadiria. Tangu kifusi cha kwanza kimwagwe, kisiwa cha kwanza kimeshuka zaidi ya mita 13. Mwaka uwanja ulipofunguliwa kilikuwa kikishuka karibu nusu mita kwa mwaka. Siku hizi ni sentimita 6 hivi. Na hakizami sawasawa. Upande huu unashuka haraka, ule pole pole. Jengo refu namna ile lingepasuka.

Halikupasuka kwa sababu ya jeki. Chini ya jengo, mahali abiria hafiki, kuna nguzo kama 900, na kila moja imejengwa ili iweze kuinuliwa. Wafanyakazi wanapima. Nguzo ikionekana imeshuka kuliko jirani zake, wanaiinua kwa jeki, wanaingiza bamba la chuma lenye unene wa milimita kadhaa chini yake, wanaishusha, wanafunga boliti, wanahamia nyingine. Kazi hii imefanywa tangu siku za mwanzo na itafanywa maadamu uwanja upo. Nyinyi mnaosoma uhandisi, nataka mlitazame jambo hili kuliko paa la Renzo Piano. Siku ya kukata utepe viongozi walihutubia. Siku ya kuingiza bamba la chuma hakuna anayehutubia. Na bila yule fundi aliyepiga magoti gizani, hotuba zote zile zingekuwa zimemezwa na tope.

Tarehe 4 Septemba 2018, siku ileile uwanja ulipotimiza miaka 24, kikaja kimbunga Jebi, kikali kuliko vyote vilivyoipiga nchi kavu ya Japani kwa miaka 25. Mawimbi yakapanda ukuta, njia ya kwanza ya kurukia ikageuka ziwa. Maji yakaingia chini ya jengo, na mitambo ya umeme ilikuwa huko chini. Giza. Wakati huohuo meli ya mafuta, Houn Maru, ambayo haikuwa na shehena, ikaburuta nanga yake na kusukumwa na upepo hadi kwenye daraja pekee linalounganisha kisiwa na bara. Ikalipiga ubavuni, ikaisogeza barabara mpaka kwenye reli. Watu karibu 8,000, abiria na wafanyakazi, wakalala kisiwani bila umeme wala viyoyozi. Kesho yake wakatolewa kwa boti kwenda uwanja wa Kobe, na kwa mabasi kupitia upande wa daraja uliobaki mzima. Mabaharia wote wa ile meli walipona.

Kisiwa kimoja, daraja moja, mitambo ya umeme chini ya ardhi. Tangu siku ile kuta zimeinuliwa, njia ya kurukia imeinuliwa, mitambo imekingwa dhidi ya maji, na daraja lilirudi kamili Aprili 2019. Nawapongeza kwa moyo wote kwa kasi ya ukarabati. Lakini somo lilikuwa ghali kwa wale waliolala sakafuni, wengi wao wageni wasiojua Kijapani, ambao usiku kucha matangazo hayakuwa na lugha yao. Baadhi yenu humu mlikuwa mnawapokea ndugu wiki ile, mnajua.

Ndugu zangu, kwa nini nayasema haya kwenu? Kwa sababu kwetu nako kunajengwa. Aliyetoka Dar es Salaam ameiona barabara ya juu ya Tazara, ya Mfugale, kwenye njia ya kwenda uwanja wa Julius Nyerere: ilijengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Septemba 2018, mwezi uleule wa Jebi. Aliyetoka Nairobi amelipia ile Expressway ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, ikapita juu ya Mombasa Road. Nazifurahia. Foleni ya kwenda uwanja wa ndege imewakosesha watu wengi safari zao. Lakini nawauliza mtakaorudi na shahada: mama muuza matunda aliyekuwa pale nguzo iliposimama, yuko wapi leo? Mwenye duka ambaye mbele yake kumekuwa giza, nani alimpelekea ramani kabla? Na nguzo zile, nani atazikagua mwaka wa 30, na fedha za kuzikagua zinawekwa wapi leo?

Na hapa Osaka swali halijaisha. Machi 2025 zimeanza njia mpya za anga ili viwanja vya eneo hili vipokee ndege nyingi zaidi, na baadhi yake zinapita juu ya kisiwa cha Awaji, chini kuliko zamani. Mwezi uliofuata uwanja wa Kobe ukaanza kupokea ndege za kutoka nje ya nchi. Kelele iliyohamishwa kutoka Kawanishi kwenda baharini imeanza kutafuta nchi kavu tena. Safari hii mazungumzo na serikali za miji yamefanywa kabla, na hilo nalisifu bila kusita. Wenye marafiki Awaji waulizeni hali ikoje nyumbani kwao, si hali ikoje kwenye ripoti.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanafunzi wa ujenzi. Pale Fukae, Kobe, kampuni ya barabara imehifadhi ghalani vipande vya nguzo zilizovunjika mwaka 1995. Watembeleaji hujiandikisha mapema, na siku za kufungua si nyingi, kwa hiyo msingoje wiki ya kuondoka. Utaiona nguzo nene kuliko mikono ya watu watatu walioshikana, imekatika kiunoni, nondo zimefumuka na kupinda nje kama njiti za ufagio wa chelewa uliokatika kamba. Hesabuni ringi. Pimeni kwa mkono nafasi iliyopo kati ya ringi na ringi, muandike. Karatasi ya majina iko kwa katibu pale mlangoni. Tukifika kumi tutaomba siku moja, tutapanda treni ya Hanshin pamoja asubuhi, na mzee wetu wa Higashinada amekubali kutuonyesha mtaa wake kabla hatujaingia.

Asanteni kwa kunisikiliza.